Wazimu Unaotangulizwa: Mjane na Mrithi katika Miviga ya Wanyakyusa

Katika miviga ya kifo ya Wanyakyusa wa Rungwe, iliyotafitiwa miaka ya 1930 na kuelezwa na Monica Wilson (1957), wafiwa walifagiliwa takataka. Miongoni mwao walikuwamo wajane, pamoja na mrithi ambaye angewachukua kuwa wake zake. Uchafu huo uliashiria kifo na wazimu pia: uje sasa, usije baadaye. Muhando na Balisidya (1976) wanataka sanaa ya maonyesho iwe na dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja na watazamaji. Vyote vipo hapa. Hata hivyo, kuuita mviga huu ramsa, au hata tanzia-ramsa, ni pupa. Mjane huyo haigizi mhusika mwingine. Anajiigiza mwenyewe, kama ambavyo angekuwa iwapo mviga ungepuuzwa.