Mgeni Mwenye Daftari: Mwambie Kweli, Uokoe Udongo Wako

Ndugu Mkulima, siku moja mgeni atabisha hodi kwako akiwa na kalamu na daftari. Atakuuliza una ng'ombe wangapi, kuni mwazipata wapi, na ni nani alimaye shamba. Labda utawaza moyoni: "Huyu amekuja kuhesabu mali yangu." Basi utaficha ng'ombe wawili, na magunia matatu utayasahau.

Usifanye hivyo. Mvua ndiyo ichukuayo udongo, lakini watu ndio waiachiao njia au kuiziba. Kwa hiyo atakaye kuokoa udongo hana budi kuwajua watu kwanza. Akipewa habari za uongo, shauri atakalotoa halitakufaa wewe wala jirani yako.

MAMBO YA MACHAKOS

Katika miaka ya 1930 maafisa waliona makorongo ya Machakos wakasema ng'ombe ni wengi mno. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni ikaanza kuwachukua ng'ombe kwa nguvu. Wakamba wengi wakaenda Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Yeye alihamishwa kwa nguvu akapelekwa Lamu, lakini mpango ule wa ng'ombe ukaachwa. Udongo ukaendelea kwenda na maji.

Zaidi ya miaka 50 baadaye, wataalamu Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walishika njia nyingine. Picha zilizopigwa mwaka 1937 zilitafutwa, na mwaka 1991 picha mpya zikapigwa mahali pale pale. Tena waliketi na wazee wakawauliza habari za miaka iliyopita. Kitabu chao kilitoka mwaka 1994.

Watu wa Machakos walikuwa kama 240,000 mwaka 1932, wakafika karibu 1,400,000 mwaka 1989. Hata hivyo, vilima vilivyokuwa vitupu sasa vilikuwa na matuta na miti. Picha zilionyesha kwamba udongo umepona, ila picha haiwezi kusema sababu. Sababu zilitoka vinywani mwa wakulima: matuta ya kulazimishwa hayakutunzwa, matuta ya fanya juu waliyachagua wenyewe, kwa kuwa hushika maji na kuzidisha mavuno. Waliyachimba kwa mwethya, yaani kazi ya kusaidiana, na mauzo ya kahawa, matunda na mboga yakawapa fedha za kuendelea.

MAMBO YA MWEA

Sasa tazama skimu kama yako. Habari za wakulima wa mpunga wa Mwea ziliandikwa katika kitabu cha Robert Chambers na Jon Moris cha mwaka 1973. Mpango wa Mwea ulifikiria vizuri maji na mpunga, lakini haukufikiria kuni. Wanawake walipoulizwa, ikajulikana kwamba kuni ni taabu kubwa na hununuliwa kwa fedha, na fedha za mpunga hupokelewa na mume. Kama wangaliulizwa wanaume tu, jambo hilo lingalifichika. Na mahali pasipopandwa miti ya kuni, shoka huelekea msituni.

FANYENI HIVI NINYI WENYEWE

Msingoje mgeni. Kabla ya kuchimba matuta au kupanda miti, kikundi chenu kifanye hivi:

1. Pigeni kura kuchagua nyumba za kuuliza. Msiende zile za kando ya barabara tu, kwani maskini mara nyingi hukaa mbali nayo.

2. Waulizeni wanawake peke yao, vijana peke yao, na wanaume peke yao.

3. Tembeeni pamoja kutoka kilimani hadi mtoni, mkitazama maji yanapoanza kukata udongo.

4. Choreni ramani chini kwa kijiti. Kila mtu aonyeshe chemchemi zilizokauka na njia za ng'ombe.

5. Watafuteni waliokaa hapo kabla ya skimu. Wazazi wa wengi wetu walitoka mbali katika miaka ya 1960, lakini waliofanya kazi kwa masetla wanakumbuka mto ulipopita na msitu ulipoishia.

6. Yaandikeni majibu, kisha yasomwe mbele ya mkutano, ili makosa yasahihishwe.

Na mgeni mwenye daftari akija, una haki ya kumwuliza pia. Ametumwa na nani? Jina lako litaandikwa? Majibu yatarudishwa kwenu lini? Asipokuridhisha, waweza kukataa kujibu. Lakini ukikubali, sema kweli tupu.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Ng'ombe unaweza kumficha nyuma ya nyumba. Korongo halifichiki, na kila masika huisogelea nyumba hiyo hiyo.