Kwa nini aliyemeza dawa ya mionzi hukaa peke yake

Hivi karibuni tulikwenda na wanajumuiya kumjulia hali mama mmoja aliyetoka kutibiwa saratani ya tezi ya thairoidi. Alitupokea kwa furaha, lakini akatuomba tukae barazani, naye akaketi ndani, mbali kidogo na mlango. Mjukuu wake alikuwa amepelekwa kwa shangazi. Njiani kurudi ikaanza minong'ono: kumbe ugonjwa huu unaambukiza? Hauambukizi. Tumeona vema tueleze kilichomfanya ajitenge.

Tezi hiyo ipo mbele ya koo, ina umbo la kipepeo. Ili itengeneze homoni zake huhitaji iodini, ile tunayoipata katika chumvi yenye madini joto, na huivuta kutoka kwenye damu kuliko kiungo kingine chochote. Seli nyingi za saratani inayoanzia hapo hubaki na tabia hiyo hata zikishahamia mapafuni au mifupani. Basi mgonjwa akishafanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi, anaweza kupewa kidonge cha iodini 131, yaani iodini inayotoa mionzi. Mwili hauitofautishi na ile ya chumvi. Seli huivuta, nayo huziua kutoka ndani. Ndiyo maana kabla ya dawa mgonjwa huambiwa aache chumvi hiyo kwa wiki moja au mbili: seli zinatakiwa ziwe na njaa.

Wazo hili si geni. Daktari Saul Hertz wa Boston, Marekani, alimpa mgonjwa wa kwanza iodini ya mionzi mwaka 1941, kutibu tezi iliyokuwa ikifanya kazi kupita kiasi. Saratani ilifuata miaka michache baadaye. Siku hizi ipo pia lutesiamu 177, inayofungwa kwenye kemikali inayozitafuta seli za saratani ya tezi dume. Marekani iliiidhinisha mwaka 2022.

Iodini 131 hutoa mionzi ya aina mbili. Beta husafiri milimita moja au mbili tu mwilini, na ndiyo inayoua seli. Gama hupenya hadi nje. Kamera maalumu huinasa na kuonyesha saratani ilipojificha. Lakini gama hiyo hiyo humfikia aliyeketi karibu, na iodini yenyewe hutoka kwa mkojo, jasho na mate. Kwa hiyo mgonjwa hutengewa vyombo, hulala peke yake, na hukaa mbali na watoto na wajawazito hasa.

Haya yana mwisho. Nguvu ya iodini 131 hupungua nusu kila siku 8, na sehemu kubwa hutoka mwilini katika siku chache za mwanzo. Hospitali humwandikia mgonjwa idadi ya siku. Kwa mseminari anayetembelea wagonjwa, swali la kuuliza ni hilo tu: zimebaki ngapi? (Aliyechomwa mionzi kwa mashine iliyo nje ya mwili hana cha kuhesabu. Habaki na mionzi, anaweza kumbeba mtoto siku hiyo hiyo.)

Mama yetu alikuwa amebakiza siku nne. Tulipomrudia, mjukuu alikuwa amelala mapajani pake, nasi tukaingia ndani.