Kunyoosha Nywele kwa Draya Nyumbani: Joto, Unyevu na Afya ya Ngozi ya Kichwa

Katika miji ya Bukoba na Muleba, na hata katika vituo vya biashara vya barabarani kama Kagoma, draya ya mkono si chombo cha saluni peke yake tena. Imeingia majumbani, na hutumika kabla ya ibada, harusi au siku ya kazi. Nywele zilizokaushwa kwa hewa ya moto huku zikivutwa kwa brashi hunyooka, hung'aa na husukika kwa urahisi. Makala haya yanaeleza jinsi unyoofu huo unavyopatikana, madhara yanayoweza kufuata, namna ya kuyapunguza, na dalili ambazo mgonjwa na mhudumu wa afya hawapaswi kuzipuuza.

Joto linavyonyoosha unywele

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini na kufunikwa kwa magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Umbo lake hushikiliwa na vifungo vya aina mbalimbali. Vifungo vya salfa ni imara, na ndivyo vinavyovunjwa na dawa za kulainisha nywele. Vifungo vya haidrojeni ni dhaifu: hufunguka unywele unapolowa au kupata joto, na hujifunga upya unapokauka na kupoa. Unywele uliokauka ukiwa umevutwa hubaki umenyooka kwa sababu vifungo hivyo vimejifunga katika umbo jipya.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya draya na dawa. Unyoofu wa draya ni wa muda, na unywele ukipata maji hurudi katika umbo lake la asili. Si lazima yawe maji ya kuoga. Mvuke wa hewani unatosha. Bukoba, iliyo kando ya Ziwa Viktoria, hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi nchini. Kwa hiyo nywele zilizonyooshwa asubuhi huweza kuvimba na kujikunja kabla ya jioni. Wengi hujibu kwa kuwasha draya tena kesho yake na kesho kutwa, na madhara hujengeka katika marudio hayo.

Kwa nini nywele hukatika

Nywele za Kiafrika zina umbo bapa na mizunguko mingi. Kila mzunguko ni mahali ambapo unywele unaweza kukatika unapochanwa kwa nguvu. Joto kali huongeza tatizo. Maji yaliyonaswa ndani ya unywele hugeuka mvuke kwa ghafla na kuacha mapovu madogo, na sehemu yenye mapovu huwa dhaifu. Ndiyo maana chanuo la moto au pasi ya nywele haipaswi kamwe kupitishwa kwenye nywele zenye majimaji.

Umbali wa draya una uzito mkubwa. Katika utafiti uliochapishwa Korea Kusini mwaka 2011, nywele zilizokaushwa kwa umbali wa sentimita 15 zilipata joto la nyuzi 47 za Selsiasi. Kwa sentimita 10 zilipata nyuzi 61. Na kwa sentimita 5 zilipata nyuzi 95. Magamba ya juu yaliharibika zaidi kadiri joto lilivyopanda. Hata hivyo, nywele zilizoachwa zikauke zenyewe nazo zilionyesha madhara katika tabaka la ndani, yaliyohusishwa na kukaa na maji kwa muda mrefu. Ingawa utafiti huo haukuhusu nywele za Kiafrika, fundisho lake ni la msingi: draya iliyoshikwa mbali na kuzungushwa bila kutulia mahali pamoja si adui wa nywele. Adui ni joto kali lililo karibu na linalorudiwa mara kwa mara.

Utaratibu unaoshauriwa

1. Nywele zioshwe na kupakwa kilainishi, kisha zikamuliwe taratibu kwa taulo au fulana ya pamba bila kusuguliwa.
2. Zitenganishwe kwa vidole au chanuo lenye meno mapana, kuanzia ncha kuelekea shina.
3. Ziachwe hadi zipungue maji, ndipo draya iwashwe. Kiasi kidogo cha mafuta ya nazi kabla ya kuosha husaidia kupunguza upotevu wa protini. Lakini nywele zilizolowana mafuta zisiwekwe kwenye joto kali.
4. Zigawanywe katika mafungu manne au zaidi. Draya ishikwe umbali wa sentimita 15, kwa joto la wastani, ikielekezwa kutoka shina kwenda ncha ili magamba yalale.
5. Kila fungu lifungwe kwa hewa ya baridi, ili vifungo vijifunge kabla brashi haijaondolewa.
6. Shughuli hii isizidi mara moja kwa wiki. Kati ya mara moja na nyingine, nywele zifungwe kwa kitambaa laini usiku na kukingwa na manyunyu mchana.

Draya nyingi hutumia kati ya wati 1,000 na 2,000. Ya wati 1,500 ikiwashwa kwa dakika 20 hutumia nusu uniti ya umeme, na mifumo midogo ya sola ya majumbani haiimudu. Isitumiwe bafuni, kwa mikono yenye maji wala juu ya sakafu iliyolowa, na isiachwe kitandani ikiwaka. Mtu akiungua, sehemu husika ipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na mafuta visipakwe.

Dalili zinazohitaji uchunguzi

Mhudumu wa afya anapompokea mtu anayelalamika kupungukiwa nywele, swali la kwanza ni kama zinakatika au zinang'oka na shina. Nywele zinazokatika huacha vipande vifupi visivyolingana. Kwa kawaida hupona joto na mvuto vikipunguzwa, ingawa mgonjwa anahitaji subira, kwani unywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi. Upungufu kwenye paji na pembeni mwa kichwa huashiria misuko inayobana. Ukiwahiwa hurekebika, ukicheleweshwa huwa wa kudumu. Mtoto mwenye mabaka yenye magamba achunguzwe mapunye, ambayo huhitaji dawa ya kumeza. Krimu peke yake haitoshi.

Hali inayohitaji uharaka ni upara unaoanzia utosini na kupanuka, ukiambatana na muwasho au hisia ya kuungua, huku ngozi ikiwa laini na vitundu vya nywele vikitoweka. Hilo ni kovu, na pale kovu lilipokamilika nywele hazirudi. Mwaka 1968 wataalamu wa Marekani waliuhusisha ugonjwa huu na chanuo la moto. Baadaye ilibainika kuwa huwapata pia wanawake wasiowahi kulitumia, na mwaka 2019 baadhi ya wagonjwa waligundulika kuwa na hitilafu katika jeni linalohusika na ujenzi wa unywele. Kwa hiyo si haki kumwambia mgonjwa kuwa amejiletea mwenyewe. Anayelaumiwa huficha kichwa chini ya kilemba na kurudi wakati tiba haiwezi tena kurejesha kitu. Apewe rufaa mapema kwa wataalamu wa ngozi, wakiwemo wale wa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi.

Unyoofu usiotokana na joto

Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, una sababu ya kukumbuka kuwa unyoofu wa nywele huweza pia kuwa dalili. Nywele za mtu mzima zinazokuwa laini, nyembamba na zilizonyooka bila draya wala dawa zinaweza kuonekana katika maambukizi ya VVU yaliyokomaa. Kwa mtoto, nywele chache, laini na zenye wekundu zinaweza kuashiria utapiamlo wa protini, jambo la kuzingatiwa pale ndizi zinapoliwa bila maharage, samaki, mayai au maziwa ya kutosha. Dalili hizi hazithibitishi ugonjwa, na hazimpi mtu yeyote ruhusa ya kumnyooshea mwenzake kidole. Zinachodai ni kipimo, faragha na lishe bora. VVU vina dawa, na mtoto mwenye utapiamlo hupona akiwahiwa.

Nywele zilizopangwa vizuri humpa mtu heshima na kujiamini, na hakuna sababu ya kitabibu ya kumnyima hayo. Anachohitaji ni joto la wastani, mkono mwepesi, na mhudumu anayekagua utosi wake kabla ya kumwambia kuwa ni jambo la urembo tu.