Jina ni Mali: Funzo Kutoka Vilima vya Mvinyo

Ukipita Dagoretti Corner, Nairobi, ukatazama rafu za maduka makubwa ya Ngong Road, huenda ukaiona chupa iliyoandikwa Prosecco. Ni mvinyo wa Kitaliani wenye povu. Sisi Waislamu hatuunywi, wala makala haya hayakuja kuusifu. Tulitakalo ni jina lake, kwani lina funzo kwa watu wa pwani.

Prosecco ni kijiji karibu na Trieste, kaskazini-mashariki ya Italia. Zabibu hukamuliwa, maji yake yakachacha, kisha yakafungiwa ndani ya tangi kubwa pamoja na sukari na hamira, yakachacha mara ya pili. Hewa haina pa kutokea. Ndiyo hiyo irukayo chupa ifunguliwapo. Ufundi huu ulibuniwa na Federico Martinotti wa Asti, mwaka 1895. Mashamba yasifiwayo zaidi yako vilima vya Conegliano na Valdobbiadene, vyenye miteremko mikali hata zabibu huchumwa kwa mkono. Mwaka 2019 UNESCO ilivitia katika urithi wa dunia.

Zamani jina hilo lilikuwa la zabibu pia, basi aliyeipanda popote aliweza kulitumia. Mnamo 2006 mvinyo huo ukauzwa kwa mikebe na kampuni ya Austria, Paris Hilton akiutangaza. Wakulima wakawaka hasira. Mwaka 2009 Italia ikaweka sheria: zabibu iitwe glera, na Prosecco liwe jina la mahali, wilaya tisa tu. Katika Umoja wa Ulaya, aliye nje ya mipaka hiyo hana ruhusa ya kuliandika.

Sasa tazama ajabu. Mwaka huo huo wa 2006, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara. Kikoi, msomaji! Vazi la mvuvi na la shekhe, la baharini na la barazani. Lau ombi lingekubaliwa, muuzaji wa Kenya angezuiwa kuuza kikoi Uingereza kwa jina lake. Wakenya walipinga, na mwaka 2008 ombi likaachwa.

Tuliponea chupuchupu. Waitaliani walipima mipaka na kuandika masharti. Sisi tulishtuka mgeni alipokwisha kunyoosha mkono.

Na uzito wa jina twaujua. Kule Dagoretti yako machinjio yalishayo sehemu kubwa ya Nairobi. Muislamu anunuaye nyama mjini hakumwona mchinjaji. Huliamini neno moja tu, halali. Neno hilo likichezewa, amana imevunjika.

Wazee walisema chema chajiuza. Naam, lakini chema kisicholindwa jina huuzwa na mwingine. Basi wafumaji na wauzaji wetu na wakae pamoja, waandike wenyewe kikoi ni nini, hufumwa vipi na wapi, kabla hajaja mwingine kutuandikia.