Motokaa Yataka Kuulizwa Kabla ya Kuhukumiwa

Usiku mmoja wa masika, yapata saa nane, watu watatu walibisha mlangoni kwangu. Mama mmoja wa kigango cha mbali alishikwa na uchungu tangu jioni, na mkunga aliona kwamba mtoto amekaa vibaya. Padre alikuwa safarini, na ufunguo wa gari la parokia huwa ninao mimi karani. Tukamlaza yule mama juu ya godoro nyuma ya pikapu, mama mkwe wake akamshika kichwa. Nikazungusha ufunguo. Tik! Taa zikafifia kama kibatari kilichokwisha mafuta, kisha kimya.

Kwa bahati nyumba ya padre iko juu ya kilima, na gari letu ni la gea za mkono. Vijana wakasukuma. Nikafungua ufunguo, nikakanyaga klachi, nikatia gea ya pili. Gari lilipopata mbio nikaachia klachi kwa ghafula, likashtuka, likanguruma. (Wenye gari za otomatiki msijisumbue, hizo haziwashwi kwa kusukumwa.) Tulifika hospitali kungali giza, mama akapasuliwa, na mtoto yule sasa anatambaa.

Lakini habari ninayotaka kuwasimulieni, wasomaji wapenzi, yaanzia kesho yake. Nilipeleka gari kwa fundi mmoja mjini. Hakupima kitu. Alisikia ile tik, akasema, "Betri imekufa." Tukanunua mpya. Wiki mbili hazijapita, tik! Nikarudi kwake. "Basi ni stata," akasema. Akina mama walikuwa wameuza mahindi yao kwa ajili ya bati za kigango. Fedha hizo zikaenda kwenye stata. Mwezi haujaisha, asubuhi ya Dominika, tik tena.

Siku hiyo alikuwepo mzee mmoja, dereva wa lori la mbao, aliyekuja kusali. Akaniuliza, "Mwalimu, umemwuliza mgonjwa wako anaumwa wapi?" Nikadhani ananitania. Akaniambia nizungushe ufunguo mara tatu nne, huku yeye akipapasa waya nene za betri kwa mgongo wa kidole. Waya mwekundu ulikuwa baridi. Mweusi pia ulikuwa baridi mwanzoni, lakini kule mwisho wake, ulipofungwa kwa bolti kwenye chuma, ulikuwa moto. "Ni hapa," akasema. "Umeme ukibanwa njia hugeuka moto." Tukafungua ile bolti. Chini yake palikuwa na kutu tupu. Tukapakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza, tukapaka grisi kidogo. Gari likawaka mara moja. Mzee hakutaka fedha, alikunywa chai akaenda zake. Mpaka leo naiwaza betri ile ya kwanza niliyoiacha bure kwa fundi.

Tangu hapo nimejifunza kuuliza. Kuuliza kwenyewe si elimu ya chuo kikuu. Stata hudai umeme mwingi kuliko kitu chochote kingine garini. Taa ndogo zaweza kuwaka vizuri kabisa, na bado stata isipate nguvu ya kuzunguka. Kwa hiyo washa taa kubwa kwanza, ndipo uzungushe ufunguo. Taa zikizimika au kufifia sana, ama betri ni dhaifu ama kuna kifungo kilicholegea au kushika kutu. Taa zikibaki na mwanga wake na stata isizunguke, tazama stata yenyewe, waya zake, na waya uendao kwenye injini. Aliye na kipima umeme hufanya vizuri zaidi: betri nzuri iliyoshiba na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi, na injini ikinguruma zipatikane kama 14. Zisipopanda, altaneta haichaji, au mkanda wake umelegea. Na mtu akizungusha stata huku volti za betri yenyewe hazishuki sana, lakini stata haina nguvu, usinunue betri, tafuta kifungo.

Iwapo stata yazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki moto, hilo ni swali jingine. Injini ya petroli yataka vitu vitatu kwa wakati wake: mafuta, hewa, na cheche. Vijana wa bodaboda wanalijua hili kuliko sisi. Wao hufungua plagi na kuitazama. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yafika lakini hayaungui, basi wanaitazama cheche. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Ikiwa nyeusi ya masizi, mafuta ni mengi kupita hewa, na mara nyingi kosa ni la chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara zetu. Plagi ya pikipiki yenye afya ina rangi ya kahawia hafifu.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa hubanwa mpaka ikawa moto wa kutosha kuwasha mafuta. Adui zake ni maji na hewa ndani ya mipira ya mafuta. Ukiacha tangi likauka, hewa huingia, na hata ukijaza baadaye gari halikubali kuwaka. Gari nyingi za dizeli zina pampu ndogo ya mkono juu ya chujio: ibonyeze mpaka iwe ngumu, ndipo ujaribu. Na anayenunua dizeli ya madumu kando ya njia, awe na desturi ya kufungua kizibo kilicho chini ya chujio na kumwaga maji. Nimewahi kukinga glasi nzima.

Sasa juu ya joto. Katika hili watu huungua, tena huungua uso. Gari likitoa mvuke, simama, zima injini, wala usiguse mfuniko wa rejeta. Maji yaliyo ndani yamebanwa, hivyo hupita digrii 110 pasipo kuchemka; ukifungua tu, yote huchemka kwa pamoja na kukurukia. Ngoja mpaka mpira mkubwa wa rejeta uwe umelegea na kupoa mkononi. Ndipo uongeze maji polepole, wala usimwagie injini maji ya baridi kwa nje, maana chuma chaweza kupasuka. Mfuniko wenyewe nao utazame. Sisi wa milimani, kwenye mita 2,000 hivi, maji ya sufuriani huchemka kwenye digrii 93 tu. Mfuniko wenye mpira uliochakaa haubani tena, basi rejeta yetu huchemka upesi kuliko ya mtu wa pwani. Nimeona watu wakibadili pampu ya maji, na kosa lilikuwa la kile kifuniko.

Lakini ikiwa maji hupungua kila siku na hakuna tone chini, toa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyo kama chai ya maziwa ina maji ndani yake, na mara nyingi ni gasketi ya silinda iliyoungua. Gari hilo lisiendeshwe tena, hata kama ni siku ya harusi. Moshi nao husema: mweupe mzito usiokoma wenye kupunguza maji huelekea huko huko, wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa. Moshi mweupe kidogo wa asubuhi ya baridi si ugonjwa.

Breki sitazisema sana. Pedali ikizama, usijifariji kwamba ukikanyaga mara mbili inashika. Kuna hewa au kuna mvujo, na gari lisiondoke. Na wateremkao Kitonga wakiwa na mzigo watumie gea ndogo tangu juu, kwa kuwa breki zilizopata moto hazishiki.

Gari za siku hizi zina kompyuta na taa ya njano yenye picha ya injini. Zile zilizouzwa Marekani tangu mwaka 1996 zililazimishwa na sheria kuwa na tundu la kuunganishia chombo kinachosoma makosa, na gari nyingi za kwingineko sasa zina tundu la namna hiyo. Chombo hicho ni kizuri, ila hutaja lalamiko, hakitaji kipuri cha kununua. Fundi akikuonyesha namba ile na kudai fedha hapo hapo, mwulize amepima nini.

Bati za kigango bado hatujanunua. Akina mama wameanza kuchanga upya, nami nimewaonyesha ile bolti, kwa maana walitaka kuiona. Kipima umeme kipo sasa, ndani ya boksi chini ya kiti, pamoja na spana namba 10, kipande cha msasa na tochi.