Ni nani anayemfundisha mwalimu wa mwanao?

 

Katika siku hii tukufu ya Ijumaa, Waislamu wengi husoma Surat al-Kahf. Ndani yake, kuanzia Aya ya 60 hadi ya 82, kimo kisa cha Nabii Musa (A.S.) na mja mwema ambaye wanazuoni humtaja kwa jina la Khidhr. Aghalabu tunastaajabia jahazi lililotobolewa na ukuta uliosimamishwa, tukaupita haraka mwanzo wa kisa chenyewe. Musa alikuwa tayari ni Mtume na mwalimu wa Bani Israil. Kwa mujibu wa hadithi aliyoipokea Bukhari, aliulizwa ni nani mwenye elimu zaidi ya watu wote, naye akajitaja mwenyewe. Ndipo alipojulishwa kuwa yuko mja mwenye elimu ambayo yeye hakupewa. Akafunga safari na kijana wake, samaki wakiwa ndio chakula chao, hadi wakachoka. Alipofika hakutanguliza cheo. Aliomba aruhusiwe kumfuata ili afundishwe.

Ndugu Waislamu, tumekianza kisa hiki kwa sababu ya walimu wetu. Mzazi wa Mbagala, Tandika, Tandale au Bunju humpeleka mtoto shule asubuhi, na alasiri akampeleka madrasa. Mtoto ni yuleyule, walimu ni wawili. Matokeo ya mtihani yakitoka mabaya, lawama hutufika mdomoni upesi. Lakini ni nadra sana mzazi kusimama katika kikao cha shule akauliza: mwalimu huyu amejifunza nini tangu alipotoka chuoni?

Swali hilo lina historia katika nchi yetu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, watoto waliingia shuleni kwa wingi kuliko walimu waliokuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakawa wanafundisha huku nao wakifundishwa. Miaka ya 2006 na 2007, shule za sekondari za kata zilipoota kila mahali, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi mno na kupelekwa madarasani. Watu wakawabandika jina la "voda fasta". Jina lile lilikuwa na kejeli, na kwa maoni yetu halikuwa la haki. Kijana aliyetumwa bila kuandaliwa si wa kuchekwa. Alistahiki kupewa baadaye kile alichonyimwa mwanzo, na wengi walijiendeleza kwa jitihada zao wenyewe, kwa nauli zao wenyewe.

Leo upo utaratibu unaoitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Kiini chake ni chepesi kukieleza: walimu wa shule moja hukutana shuleni kwao katika jumuiya ya kujifunza, wakachagua mada inayowasumbua, wakafundishana na kukosoana. Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo makao yake yako Mikocheni, wilayani Kinondoni, huandaa moduli na kuziweka katika mtandao ili mwalimu azisome. Haja yake ilionekana wazi mitaala mipya ilipoanza kutumika Januari 2024, kwani mwalimu aliyeandaliwa kwa mtaala wa zamani hawezi kuamka asubuhi moja akaujua mpya kwa kuusikia tu redioni. Tusisahau pia kwamba mwalimu wa pembezoni mwa jiji hili huweza kukuta darasani watoto zaidi ya mia, ilhali kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Kumtaka abaki mchana kujifunza baada ya kazi hiyo ni kumtaka jambo zito.

Kuhusu viwango, Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ilipitishwa mwaka 2018, ikiwa na lengo la kuwasajili walimu na kuwapa leseni, wa shule za serikali na za binafsi. Wapo walioona kuwa huo ni mzigo mwingine juu ya mwalimu asiyelipwa vya kutosha, na hoja yao si ya kupuuzwa. Hata hivyo, Mwislamu asilione jambo la leseni kuwa geni. Sisi tuna ijaza. Anayesomesha Qur'ani kwa ijaza huweza kutaja mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake. Imepokewa kuwa Imam Malik hakukaa kutoa fatwa mpaka wanazuoni 70 walipomshuhudia kuwa anafaa. Leseni gani ngumu kuliko hiyo?

Hapa ndipo tunapaswa kujitazama wenyewe. Mwalimu wa shule ya serikali ana jumuiya yake, ana mkaguzi, ana kanuni za mwaka 2002 zinazosema kiboko hakitazidi vinne, kitolewe na mwalimu mkuu au aliyempa idhini, na kiandikwe katika daftari. Ustadhi wa madrasa ya uchochoroni ana nini? Mara nyingi ana mkeka, ubao, bakora, na posho inayotegemea ada ya wazazi ambao wengine hawailipi. Hakuna anayemtembelea kuona anavyofundisha herufi, wala anayempa nafasi ya kwenda kusoma zaidi. Kisha tunashangaa mtoto anapoipenda shule na kuikimbia madrasa.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo, ushahidi uko karibu. Mwaka 1982 viongozi wa Waislamu wa Mombasa waliomba msaada wa kuwainua watoto wao kielimu kwa Aga Khan, na kufikia 1986 Bibi Swafiya Said alikuwa ameanzisha mradi wa shule za awali zilizofungamana na madrasa. Mradi ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ileile, wengi wao wakiwa na masomo machache. Hawakupewa semina ya siku mbili na cheti. Wakufunzi waliwafuata madarasani, wakakaa nao, wakawarekebisha, wakarudi tena.

Kamati ya msikiti isiyo na fedha za kuita wakufunzi inaweza kuanza na madrasa tatu za jirani. Maustadhi wake wakutane Jumamosi moja kila mwezi, mmoja afundishe mbele ya wenzake, na kamati iwalipie nauli na chai. Wenye shule na seminari za Kiislamu nao waandike katika mkataba wa mwalimu siku zake za mafunzo, wala wasimkate mshahara anapokwenda. Na pale shule inapopanga kikao cha jumuiya ya kujifunza Ijumaa mchana, mwalimu Mwislamu amwendee mwalimu mkuu mapema, kwa adabu, aombe siku nyingine au saa baada ya swala, badala ya kukosa kimya kimya wiki baada ya wiki.