Wana, Hicho ni Kisulisuli

Oya wana, tuwekane sawa. Kiangazi kikikolea Tabora, mwezi wa 9 hivi, jua linawaka noma, ardhi inachemka, ghafla vumbi linanyanyuka katikati ya njia na kuzunguka kama pia. Linazoa mifuko ya nailoni, linawavua kofia masela wa bodaboda, linapitia meza ya muuza karanga, kisha linasepa. Kijiweni utasikia: "Kimbunga hicho!" Hapana, mwanangu. Hicho ni kisulisuli.

Mchongo uko hivi. Hewa ya chini ikipata moto sana inapanda juu kwa kasi, ya pembeni inakimbilia kuziba pengo, zinajisokota. Dakika chache, kwisha. Kimbunga ni ishu nyingine kabisa: kinazaliwa baharini, kwenye maji yenye joto. Kimbunga Hidaya cha mwezi wa 5, 2024, kiliwapelekea moto watu wa Mafia. Tabora, mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, vumbi letu halijawahi kuonja chumvi.

Kuna jina la kale pia, chamchela, au pepo za chamchela. Hapo pepo ni upepo, na ni pepo yule anayempanda mtu kichwani. Ndiyo maana wapo wazee ambao vumbi likizunguka peke yake hawakatizi katikati yake, na mimi nawaelewa. Kitu hakina mwili, kinakuja bila hodi, kinaondoka bila kwaheri!

Ila dhoruba ndiyo inanipa mzuka zaidi. Imetoka kwenye Kiarabu, dharba, yaani pigo. Upepo wenye ngumi. Kiswahili cha pwani, na neno hilo ndani yake, kilipanda bara kwa njia ya misafara, Bagamoyo, Tabora mpaka Ujiji, pamoja na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu mabegani. Na kuna mwaka pigo lenyewe liliifuata njia hiyo. Mwezi wa 3, 1872, msafiri wa Kizungu Stanley aliagana na mwenzake Livingstone hapa Tabora, akashika njia ya pwani. Mwezi wa 4 dhoruba ikaitandika Unguja, ikavunja majahazi, ikang'oa mikarafuu. Huku bara mto ukafurika Morogoro, ukausomba mji wa Simbamwenni, na msafara wa Stanley ukapambana na maji na tope bonde la Makata, mbali kabisa na bahari. Bagamoyo wakaingia mwezi wa 5.